Mwaka Niliosema Simjui Nyamwiza

Mwezi uliopita waliniita Kasulu mjini nikataje jina la maiti. Vijana wawili walikuja na pikipiki asubuhi, wakanikuta naanika maharage kwenye turubai, wakanisalimu vizuri kama walivyofunzwa, halafu mkubwa wao akasema, "Bibi, tunakuomba uje. Watu wamegombana kwenye msalaba." Fundi alikuwa ameshauchonga na kuupaka rangi nyeupe, kopo la rangi nyeusi liko wazi, brashi iko mkononi, ila hajui aandike nini. Mjane na waliofanya kazi na marehemu ofisini walitaka aandike Bukuru, kwa kuwa ndivyo vyeti vyote vinavyosema. Ndugu zake wa tumbo moja walisema kwao hakuna Bukuru, huyu ni Josephat Misigaro, na mama yao hakuzaa mapacha. Kwetu Uha, Bukuru ni jina la pacha aliyetangulia kutoka, na Butoyi ni la yule aliyemfuata. Mtu hapewi Bukuru kwa kupendeza tu. Ukikutana na Bukuru, ukimaliza kumsalimu unamuuliza Butoyi yuko wapi. Basi marehemu huyu aliulizwa hivyo maisha yake yote ya kazi, naye akawa anajibu kwamba Butoyi alifariki angali mdogo. Mkewe aliniambia baadaye kwamba kila mwezi wa kumi na moja walikuwa wakimwombea huyo Butoyi kanisani, yeye na watoto, pamoja na marehemu wengine wa ukoo.

Wakaamua niitwe mimi, maana inajulikana tangu zamani kwamba majina ya watoto waliosoma shule yetu yamo kichwani mwangu. Nilipofika msibani nikaona mtu amekaa kwenye benchi peke yake, kofia magotini, mvi za kwanza zinaanza pembeni mwa masikio. Nilimjua kabla hajageuka. Nikamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Bukuru." Akacheka, akasimama kunipisha. Alikuwa Bukuru mwenyewe, pacha wa kweli, aliyeacha shule darasa la tano akaenda Nyakitonto kulima na baba yake. Nikamuuliza amefikaje. Akasema, "Mama, nilisikia tangazo redioni kwamba nimefariki, nikaona si vizuri kukosa mazishi yangu."

Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikaomba maji ya kunywa, na sikuharakisha kujibu nililoitiwa. Jina lile la Bukuru lilitoka kinywani mwangu mimi. Lilitoka alasiri moja pamoja na jina la Nyamwiza, na hilo la Nyamwiza nusura limmeze mwanangu. Kwa hiyo kabla sijasema nilichomwambia fundi wa msalaba, lazima niuseme mwaka ule.

Shule sitaitaja. Ilikuwa upande wa Heru Juu, mahali pa muhogo na mahindi, na mimi nilikuwa mpishi wa walimu. Miaka siishiki kwa namba, naishika kwa watu: ni ule mwaka ambao kambi za kule Kibondo zilikuwa zimejaa Warundi na malori yalikuwa yakipita barabarani tangu asubuhi mpaka jioni, vumbi likitua mpaka kwenye mboga. Jiko langu lilikuwa chumba cha matofali mabichi, mafiga matatu, pipa la maji mlangoni, na dirisha dogo lililotazamana na dirisha la ofisi ya Mwalimu Mkuu. Nikikoroga ugali wa muhogo nilikuwa nasikia kila kinachosemwa kule, hata akiwasha kiberiti nilijua. Maharage siku nyingi, dagaa zikipatikana, na siku ya mgeni migebuka kutoka ziwani. Watoto walipanga foleni kwenye pipa langu kunywa maji wakati wa mapumziko, na hapo ndipo nilipowashika mmoja mmoja: jina lake, la baba yake, la mama yake, ametoka upande gani, nani alimtangulia kuzaliwa. Sikujifunza kufanya hivyo. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu, na herufi hazijawahi kuwa rafiki zangu, lakini jina nikilisikia mara moja halitoki tena.

Evelina, mwanangu wa kwanza, alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia na jina lake halikutoka kati ya waliochaguliwa. Siku hizi watu hawaelewi jambo hili. Wakati ule walichaguliwa wachache mno, miaka mingine shule nzima haikutoa hata mmoja, na kurudia darasa la saba kulikatazwa. Ukishakosa, umekosa. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Ruhoza, alinieleza kwa upole nikiwa nampelekea chai. Alisema, "Mama Evelina, huyu mtoto ana akili, ila zimekaa mikononi. Ukimpa karatasi hazishuki." Nilidhani ananifariji tu. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumekwenda Kibondo kwa dada yangu Veronika, tukapita soko la karibu na kambi, Evelina akasimama mbele ya mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa akioka mikate kwenye tanuri la udongo. Alitazama mpaka nikamvuta mkono. Tuliporudi nyumbani akachimba udongo wa kichuguu, akaukanyaga kwa miguu siku mbili, akauchanganya na majani makavu, akajenga tanuri nyuma ya nyumba, lina mdomo, lina tumbo, lina tundu la moshi pale pale panapotakiwa. Alilitazama la yule mama mara moja tu. Mimi nikamgombeza. Nikamwambia wenzako wanashika madaftari, wewe unashika matope, na nikalitumia lile tanuri kufungia kuku.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa kubwa, mchwa waliingia kwenye kabati la ofisini. Mwalimu Ruhoza alifungua siku moja akatoa rejista, jalada likabaki mkononi na ndani udongo mtupu. Zote zilikuwa hivyo, za miaka yote. Nilimsikia dirishani akikung'uta majalada. Halafu akaniita, "Mama Evelina, acha hilo sufuria uje." Akaniuliza kama ni kweli yale watoto wanayosema, kwamba nawajua wote. Nikasema nawajua niliowaona. Akavuta kiti, akanipa. Miaka sita nilikuwa nikiingia chumba kile na sinia na kutoka na sinia, siku hiyo nikapewa kiti.

Tulikaa alasiri tatu. Aliyeandika alikuwa Mwalimu Salma, msichana mpole, binti wa mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mimi niliyekuwa sisomi sawasawa niliupenda. Sikutaja kwa mpangilio wao wa herufi. Nilifumba macho nikaiona foleni ya pipa, nikawa nataja anayekunywa na anayemfuata: Zabroni mwana wa Kagoma, Leonia binti wa Bihoma, yule Filimoni ambaye mama yake alikuwa mshona mikeka, Tereza na mdogo wake Melania waliokunywa kwa kikombe kimoja. Mwalimu Salma alikuwa ananyoosha vidole, anacheka, anasema, "Mama, kichwa chako ni kabati wasiloliingia mchwa." Nilirudi nyumbani siku hizo natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Watu wenye akili nilikuwa nimewapikia miaka yote, na sikuwahi kudhani nami ni mmoja wao.

Alasiri ya tatu Mwalimu Ruhoza aliniambia nitaje na walioacha. Aliuliza kwa sauti ile ile, nami nikajibu kwa furaha ile ile. Nikamtaja Bukuru aliyekwenda Nyakitonto. Nikamtaja Agnes Nyamwiza binti Gwimo, ambaye alikuwa akiishi kwa mjomba wake karibu na shule, mama yake marehemu, akaacha mwishoni mwa darasa la sita kwenda Muyama kumwangalia bibi yake aliyeanguka akavunjika nyonga. Nilisema na mengine ambayo hayakuulizwa: kwamba mtoto yule alikuwa akifanya hesabu kwa sauti kwenye foleni, akihesabu vikombe vilivyobaki kwenye pipa kabla hajafika zamu yake, na kwamba nilizoea kumwekea ukoko wa ugali kwa sababu mjomba wake alikuwa na watoto wengi. Mwalimu Ruhoza akamwambia Mwalimu Salma, hao walioacha waandike kwenye karatasi yao peke yao.

Wiki ile ile akaniita. Alikuwa amefunga mlango na alikuwa anatabasamu. Akanieleza kwamba nafasi ipo, Evelina anaweza kurudi darasa la saba, ila kwa jina lililo hai kwenye rejista, na kwamba amemchagulia la Nyamwiza. Nikamwambia jina lile lina mwenyewe. Akasema, "Mama Evelina, jina lililoachwa ni kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Mvua inalinyeshea, jua linalichoma. Ni kosa gani mtoto mwingine akilivaa?" Nitasema ukweli, sikutafuta jibu. Nilikuwa nimeona mwanangu akirudi shambani wakati watoto wa wengine wakipanda gari na sanduku la bati. Josephat, naye aliyekuwa amekosa kuchaguliwa, alipewa la Bukuru, Evelina akapewa la Nyamwiza. Kila mtu kijijini alijua na hakuna aliyesema, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto aliyefanya hivyo au aliyetarajia kufanya. Siwezi kumwita Mwalimu Ruhoza mwizi. Hakudai kitu kwangu. Aliamini anaokoa watoto, na akili yake ilikuwa ya kuona upenyo pale wengine wanapoona ukuta.

Sharti lake lilikuwa moja: hata nyumbani tumwite hivyo hivyo, ili mkaguzi akija mtoto asijisahau. Basi tukaanza. Tukikaa kula, mimi nasema, "Nyamwiza, sogeza mboga," na Evelina anakaa na tonge mkononi kwanza, kana kwamba anangoja mtu mwingine asogeze, ndipo anasogeza. Nilimgombeza kwa kuchelewa kuitika. Akajizoeza, akawa anaitika upesi, na kadiri alivyoitika upesi ndivyo alivyokula kidogo. Mashavu yalimwisha. Nilimwekea dagaa zaidi, zikabaki. Nikadhani ni kusoma sana.

Kisimani nako kulikuwa na Doroteya, jirani yangu, mwanamke asiyeweza kuacha jambo lipite. Siku moja nimeinama kuchota, akanisalimu kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama Nyamwiza, hujambo?" Wanawake wakacheka. Nikamwambia aache utani. Akasema hatanii, yeye anauliza tu: mimi sasa niitwe nani, na yule marehemu aliyemzaa Nyamwiza tumrudishie nini. Nilijitwika ndoo yangu ikiwa nusu. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba jina la mtu halinipotei, nilikuwa nimechukua hata umama wa mwanamke aliyelala kaburini Muyama, tena nilimjua kwa sura, aliitwa Skolastika.

Mwezi wa nne Nyamwiza akarudi. Nilikuwa naepua sufuria, nikamsikia dirishani akibisha hodi ofisini kwa sauti ile ile ya foleni. Alieleza kwamba mke wa mjomba wake mdogo amehamia kwa bibi, sasa kuna wa kumwangalia, naye anaomba kuendelea. Kulikuwa na mgeni ofisini siku hiyo, mratibu wa elimu wa kata, amekuja kuziona rejista mpya. Nikasikia kiti kikisukumwa, halafu jina langu. Niliingia nikijipangusa mikono kwenye kanga. Nyamwiza alikuwa amesimama katikati ya chumba, amerefuka, gauni limemfupia, miguu ina vumbi la Muyama mpaka magotini. Mwalimu Ruhoza hakunitazama usoni. Alimwambia mratibu kwamba wanafunzi wote wa shule hii mimi nawajua, kisha akaniuliza, "Huyu msichana anadai ni Agnes Nyamwiza. Nyamwiza tunaye, yuko darasani. Huyu unamfahamu?"

Ukuta wa ofisi ulikuwa ukuta wa darasa la saba. Nilimsikia Mwalimu Salma akisoma imla upande wa pili, na nikajua Evelina ameinama anaandika.

Nikasema, "Simkumbuki."

Yule mtoto hakulia wala hakubisha. Alinitazama, akasema taratibu, "Mama, si wewe uliyekuwa ukinipa ukoko?" Nikasema watoto ni wengi. Akaitikia, "Sawa, mama. Labda umesahau." Akampa mratibu heshima yake, akatoka, nikamwona dirishani akipita kwenye pipa langu. Alikunywa kikombe kimoja, akakiosha, akakirudisha mahali pake.

Siku zilizofuata nilianza kukosea. Jumapili, nje ya kanisa, mtoto wangu wa ubatizo alikuja kunisalimu na jina lake halikuja. Nilimshika mkono nikacheka cheka mpaka mama yake akamwita, ndipo nikamwita na mimi. Jumatatu nikamkosa Zabroni. Nilikaa jikoni nikaogopa kweli. Kitu pekee ambacho Mungu alinipa bila kuniuliza nimesoma wapi, nilikitumia kumwambia mtoto kwamba hayupo, na sasa nilikisikia kinaondoka.

Jumamosi nikabeba debe dogo la unga nikaenda Muyama. Nilitoka alfajiri, nikafika jua limepanda sana, makwapa yamelowa. Nyumba ya bibi yake Nyamwiza, Bibi Kahabi, ilikuwa chini ya migomba, uwanja umefagiwa, kahawa imeanikwa kwenye mkeka. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa, anamenya ndizi. Nyamwiza alikuwa na watoto wanne wa jirani, amewapangia punje za maharage chini, anawafundisha kugawanya. Aliponiona akasimama, akaniletea kigoda na maji, kama mgeni yeyote. Sikuyanywa. Nikamwambia bibi yake yote, kuanzia mchwa mpaka ofisini. Yeye aliendelea kumenya. Nilipomaliza akasema bila kuinua macho, "Mtaje."

Nikasema, "Agnes Nyamwiza."

"Wa nani?"

"Binti Gwimo. Mama yake Skolastika."

"Rudia, mwanangu asikie."

Nikarudia, nikimtazama Nyamwiza. Bibi Kahabi akatupa ganda, akamwambia mjukuu wake aweke sufuria motoni. Tulikula ndizi na maharage, chungu kimoja, na mpaka tunamaliza hakuna aliyenena neno la kunisamehe, ila bibi aliniongezea. Nyamwiza ndiye aliyeuliza, wakati wa kunawa, "Na Evelina atakwenda wapi?" Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli. Nilitembea kurudi jioni ile nikijua kwamba Jumatatu nitamtoa mwanangu darasani kwa mkono wangu, na kwamba huenda hatanisamehe mpaka anizike. Nilichoka, lakini njiani nilijaribu, nikamkuta Zabroni, nikamkuta na yule mtoto wa ubatizo, jina lake Anisia. Wote walikuwa wamerudi.

Sikumweleza Evelina. Hilo ni kosa langu jingine, nalikiri. Jumatatu asubuhi Nyamwiza alinikuta kwenye jiko, nikamshika mkono, tukaenda ofisini. Nikamwambia Mwalimu Ruhoza kwamba nimemkumbuka, huyu ndiye Nyamwiza, na kama mratibu atataka nitamwendea mwenyewe nimweleze. Akavua miwani. Akasema kwa sauti ya chini, na hakuwa na hasira, "Unajua unayemfukuza ni mwanao?" Nikamjibu, "Najua. Yule wa kwanza niliyemfukuza hakuwa wangu." Akatazama dirishani, jikoni kwangu, mahali moshi unapotoka. Kisha akasema niende, ila kesho nisije kupika.

Darasani Mwalimu Salma alikuwa anaita majina. Tukasimama mlangoni. Alipofika kwenye Agnes Nyamwiza, mtoto aliyekuwa kando yangu akaitika, "Nipo." Darasa zima likageuka. Mwalimu Salma alinitazama, akaelewa, akashusha kalamu. Evelina alinyanyuka pale dirishani, akakusanya daftari lake na kalamu yake, akafuta dawati kwa kiganja. Walipopishana kati ya madawati alimwonyesha Nyamwiza kwa kidole kwamba mguu mmoja wa benchi umelegea, akae upande wa ndani. Josephat alikuwa safu ya nyuma. Aliinamisha kichwa, akaandika kitu ambacho hakikuwa kinasomwa.

Nilipika chakula cha mwisho cha walimu siku ile, na Evelina akaja kukaa nami jikoni. Nilimngoja alie, nikajipanga kwa maneno. Nilipomaliza kupakua, akavuta sufuria, akaanza kula. Alikula ugali wote uliobaki na maharage yote, akakwangua na ukoko, akashushia maji vikombe viwili. Tulipofika nyumbani akawatoa kuku kwenye tanuri, akalifagia ndani, akaweka moto wa kulikausha. Mimi nilikaa barazani nimeshika kichwa. Nilikuwa nimepoteza kazi, nimempotezea mwanangu shule, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mtoto anapiga mluzi.

Muda mrefu nilibeba mashaka. Mkate wa kwanza ulitoka mgumu kama tofali, wa pili ukaungua chini, wa saba nikaula na chai sokoni nikaona watu wananiuliza nimenunua wapi. Baadaye akahamia Kibondo kwa Veronika, akaolewa huko, akajenga matanuri makubwa mawili, na mpaka leo mikate ya asubuhi katika mtaa ule ni yake. Nyamwiza alifaulu, akasoma mpaka sekondari, sasa anapima viwanja, anatazama kilima kwa macho anakwambia upana wake. Lakini hata hayo yote hayakunipa usingizi kamili, maana Josephat naye alifaulu, akaenda mbele, akapata kazi na nyumba ya bati, na kila nilipomwona amevaa suti nilijiuliza kama nilimnyima Evelina suti ile. Ndipo miaka michache iliyopita nikiwa Kibondo, Evelina anakanda unga na mimi nimekaa kwenye gunia, nikapata ujasiri wa kumuuliza kama alinichukia. Aliendelea kukanda. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa naogopa kufaulu. Nilikuwa nasema moyoni, nikifaulu ndiyo basi, sitarudi tena kuwa Evelina." Akageuza donge, akalipiga kofi. "Ulipokuja mlangoni na Nyamwiza, nilitaka kukimbia nikukumbatie, nikaona darasa zima linatazama."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani pale kwenye mkeka wa msiba, na fundi anangoja. Nikasimama nikasema, "Aliyelala hapa ni Josephat Misigaro. Bukuru yule pale kwenye benchi, mzima." Watu wakacheka, wengine huku wanafuta machozi. Mjane hakucheka. Alinijia karibu, mwanamke mzuri, mtulivu, akaniuliza kwa sauti ya kuniachia mimi peke yangu, "Bibi, na mimi niliolewa na nani? Na hawa watoto niwaambie baba yao nani?" Nikamwambia, "Uliolewa na yule yule, mama. Aliyewapenda ni Josephat. Jina ndilo lilikosewa, na kosa hilo lilianza kinywani mwangu." Akaomba chini ya Josephat waandike na Bukuru, kwa herufi ndogo, ili watoto wake wasipotee wakija kutafuta kaburi. Wale ndugu wakaanza kunung'unika. Bukuru mwenyewe akanyanyuka kwenye benchi, akavaa kofia. "Mwacheni alale nalo," akasema. "Amelitunza kuliko mimi. Amelivisha hata tai." Fundi akachovya brashi.

Alasiri Evelina akafika na gari la kukodi kutoka Kibondo, beseni tatu za mikate zimefunikwa kwa vitambaa vyeupe. Nyamwiza alikuwa ameshafika, akaenda kumpokea, wakashika beseni moja huku na huku, wakaanza kugawa kwa waombolezaji, mmoja akihesabu vichwa kwa macho, mwingine akikata vipande bila kupima na vyote vikitoka sawa. Walikuwa wamenipa mgongo, kanga zao zinafanana, na kwa mbali usingejua nani ni nani.

Nikaita, "Evelina."

Nyamwiza akaendelea kugawa. Yule mwingine akageuka, unga umemshika kwenye nyusi, akaitika, "Abee, mama." Akangoja nimwambie nataka nini. Sikuwa na la kumtuma.